Limfoma ya Burkitt

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, yaani zile seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Katika Afrika ya kitropiki huwapata hasa watoto wa umri wa miaka 4 hadi 9, wavulana zaidi kuliko wasichana. Imepewa jina la Denis Burkitt (1911–1993), daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, Uganda. Ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua haraka kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo ni mojawapo ya saratani za kwanza kuponywa kwa dawa peke yake.

Chanzo chake kimejulikana vizuri kuliko cha saratani nyingi. Seli B hukata DNA yake yenyewe kwa makusudi, kisha huiunga tena. Limfoma ya Burkitt huanza pale ncha zilizokatwa zinapoungwa mahali pasipo pake.

Dalili

Kwa watoto wa Afrika Mashariki dalili inayojulikana zaidi ni uvimbe wa taya, la juu au la chini, wakati mwingine pande zote mbili. Kabla uvimbe haujaonekana, meno huanza kulegea bila kuoza. Hapo ndipo wazazi wengi hudhani ni ugonjwa wa jino na kumpeleka mtoto kung'olewa, na wiki za thamani hupotea. Uvimbe unaweza pia kuanzia tumboni, kwenye figo au ovari, au nyuma ya jicho hadi jicho likatokeza nje. Ukigusa uti wa mgongo, miguu hupooza ghafla.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kuchukua sehemu ndogo ya uvimbe kwa sindano au kwa upasuaji na kuitazama kwa hadubini. Seli za saratani huonekana zimesongamana kama anga jeusi, na katikati yake kuna seli kubwa nyeupe zinazomeza seli zilizokufa, mithili ya nyota.

Historia

Uvimbe wa taya kwa watoto ulikuwa umeonekana Uganda zamani. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliandika habari zake katika kumbukumbu za wagonjwa wake. Lakini kila daktari aliuona kama ugonjwa wa mtoto mmoja. Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari wa Hospitali ya Mulago, alimwita Burkitt amtazame mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za taya. Muda mfupi baadaye Burkitt akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo katika hospitali nyingine, naye akiwa na uvimbe tumboni. Alipopekua mafaili ya Mulago aligundua kwamba uvimbe wa taya na wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kwa majina tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Wanapatholojia wa Mulago, hasa Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kwamba ni limfoma.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unapatikana wapi na unakomea wapi. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, kisha mwezi Oktoba 1961 akaondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki kumi hivi walisafiri kilomita 16,000, wakishuka kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza swali lile lile katika hospitali zaidi ya 50: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Ni utafiti uliogharimu fedha kidogo sana, na ramani iliyotokana nao bado inatumika.

Mnamo Machi 1961 Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya seli hizo. Sasa kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr, nacho ni kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ukanda wa limfoma na Nyanda za Juu Kusini

Ramani ya Burkitt ilionyesha ukanda unaovuka Afrika, huku na huku ya Ikweta. Ugonjwa ulikuwa nadra mahali penye baridi chini ya nyuzi 15 hivi za selsiasi na penye mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka. Karibu na Ikweta ulikomea kwenye mwinuko wa mita 1,500, na kadiri wasafiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka.

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri Mbeya. Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha jiji, iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Iringa nayo iko juu ya mita 1,500. Mtu akitoka Mwanjelwa asubuhi amevaa sweta, akapanda Uyole, akavuka milima na kuteremka kupitia Tukuyu, baada ya saa chache atakuwa Kyela, kwenye mashamba ya mpunga karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Ametoka nje ya masharti ya ukanda wa Burkitt na kuingia ndani yake bila kutoka mkoani. Upande wa pili wa ziwa, nchini Malawi, ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani kuu za watoto.

Ramani ya joto na mvua ilifanana na ramani ya mbu. Kwanza ilidhaniwa kwamba mbu hubeba kirusi cha saratani. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Kirusi cha Epstein-Barr huenezwa kwa mate, na karibu kila mtu duniani anacho, wa Mwanjelwa na wa Kyela sawasawa. Anachobeba mbu ni malaria. Gilbert Dalldorf alilitaja wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Burkitt mwenyewe aliliunga mkono, akitaja Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa na ugonjwa huu ulikuwa nadra ingawa ni joto na mvua ni nyingi.

Kukatwa na kuungwa kwa DNA

DNA ya kila seli huharibika kila siku hata bila sumu wala mionzi. Moja ya herufi zake nne, sitosini, hugeuka yenyewe na kuwa urasili, herufi isiyostahili kuwemo katika DNA. Mwaka 1974 Tomas Lindahl wa Uswidi aligundua kimeng'enya kinachoiondoa urasili ili nafasi yake ijazwe upya. Kwa kazi ya namna hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar. Lindahl huyo huyo, mwaka 1976, alikuwa na wenzake walioonyesha kwamba DNA ya kirusi cha Epstein-Barr hukaa ndani ya seli ya limfoma ikiwa duara kamili.

Katika seli B uharibifu huu hufanywa kwa makusudi. Mtu anapougua, seli B hukusanyika katika tezi za limfu, huzaliana kwa kasi na kuboresha kingamwili zake. Kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto, Japani, mwishoni mwa miaka ya 1990, huzigeuza sitosini za jeni za kingamwili kuwa urasili. Mafundi wa ukarabati huja kuziondoa. Zikiwa nyingi na karibu karibu, nyuzi zote mbili za DNA hukatika. Protini zinazoitwa Ku hushika ncha zilizokatika na kimeng'enya kingine huziunga, kipande cha kati kikiachwa nje. Kwa njia hii seli iliyokuwa ikitoa kingamwili ya aina moja huanza kutoa ya aina nyingine. Bila AID mtu huwa na kinga dhaifu sana.

Hatari ni kwamba AID hukosea shabaha. Hugusa pia jeni nyingine zinazotumika wakati huo, ikiwemo MYC iliyoko kwenye kromosomu ya 8, ambayo huiamuru seli igawanyike. Fundi anayeunga ncha hasomi kilichoandikwa juu yake. Huunga zilizo karibu. Ikiwa MYC na jeni ya kingamwili kwenye kromosomu ya 14 zimekatika kwa wakati mmoja, vipande vinaweza kubadilishana mahali. MYC huwekwa jirani na sehemu ya DNA ambayo katika seli B haizimwi, nayo haizimwi tena.

Alama ya kosa hili ilionekana kwanza kwenye kromosomu ya 14 mwaka 1972, ikathibitishwa mwaka 1976 kuwa ni mabadilishano na kromosomu ya 8, na mwaka 1982 jeni ya MYC ikatambuliwa hapo. Katika wagonjwa wanane hivi kati ya kumi hali ni hiyo. Kwa waliobaki MYC huhamia karibu na jeni za kingamwili za kromosomu ya 2 au ya 22.

Kwa kawaida seli yenye MYC isiyozimika hujiua kwa amri ya protini p53. Kirusi cha Epstein-Barr kinasaidia kuizuia isife. Katika utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2019, uvimbe wenye kirusi ulikuwa na alama nyingi zaidi za AID, lakini makosa machache zaidi katika jeni za kuiua seli, kana kwamba kirusi kimeshafanya kazi hiyo.

Malaria ndiyo inayoongeza nafasi za kukosea. Mtoto anayeumwa mbu usiku baada ya usiku ana seli B zisizopumzika, na AID yake hufanya kazi kwa muda mrefu. Nchini Kenya watoto wa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, wamelinganishwa na wa Nandi, kwenye nyanda za juu zenye malaria kidogo. Wa Kisumu walikuwa na AID nyingi zaidi katika damu, na waliambukizwa kirusi cha Epstein-Barr mapema zaidi, baadhi yao kabla ya miezi sita. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwaambukiza panya malaria ya panya, wakaona limfoma za seli B zenye kromosomu zilizovunjwa na AID. Panya hao walikuwa wameondolewa p53, wala hawakuwa na kirusi, kwa hiyo jaribio linaeleza sehemu tu ya yanayompata mtoto.

Jaribio kwa watu lilifanyika Tanzania, Mara Kaskazini, kati ya 1977 na 1982. Watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini mara mbili kwa mwezi. Wagonjwa wa limfoma walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vikawa sugu kwa klorokwini, hivyo watafiti hawakuweza kutoa hukumu ya mwisho.

Tiba

Upasuaji hausaidii sana. Dawa ya msingi ni siklofosfamidi, ambayo hufunga nyuzi mbili za DNA pamoja kiasi kwamba seli haiwezi kugawanyika. Seli inayogawanyika haraka hulemewa kabla haijakarabati. Huambatana na methotreksati, na vinkristini inayotokana na ua lenye asili ya Madagaska ambalo hupandwa kwa urembo katika nyua nyingi za Tanzania. Burkitt alitibu wagonjwa wake kwa dozi ndogo, na baadhi walipona. Kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala mwaka 1967, nacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Katika nchi tajiri watoto zaidi ya tisa kati ya kumi hupona. Nchini Malawi, kwa siklofosfamidi na sindano za methotreksati kwenye uti wa mgongo, karibu nusu walipona. Dozi kali zaidi zinahitaji damu ya kuongezewa, maabara na wauguzi wa kutosha, kwani uvimbe unaoyeyuka ghafla humwaga taka nyingi zinazoweza kuziba figo. Ndiyo maana mtoto hupewa maji mengi kwa dripu kabla ya dozi ya kwanza.

Nyanda za Juu Kusini huhudumiwa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na huduma kubwa za saratani za watoto nchini ziko Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Dozi hutolewa kwa awamu, na mzazi lazima arudi au abaki mjini. Familia nyingi hukatiza tiba uvimbe unapotoweka, jambo linalotokea baada ya dozi moja au mbili tu, wakati seli zilizobaki hazionekani kwa macho. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aliyevuka miaka miwili bila uvimbe huhesabiwa kuwa amepona.