Barabara ya Makalda na jasho lisilokuwa na jina

Kwenye stendi ya Migori, kondakta wa matatu ziendazo Ziwa Victoria haiti abiria wa Nyatike, jina rasmi la eneo hilo. Anaita wa Makalda, na wa Sori. Sori ndio ufuko wa Karungu, ambako omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu tangu jua linapochomoza. Makalda ni mgodi. Ramani zinauandika Macalder, jina la kizungu lililobandikwa mgodi wa dhahabu enzi za ukoloni, likaenea hadi kwenye soko, shule na barabara yenyewe. Kampuni ilifunga shughuli zake mwaka 1966, lakini jina lingali midomoni mwa watu kila siku.

Barabara hii ilianzia majini. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, meli ndogo kama Winifred na Sybil zilianza kuzunguka ghuba za ziwa, zikishusha maofisa na bidhaa na kupakia ngozi na ufuta. Karungu, yenye ghuba inayokinga upepo, ikawa boma la kwanza la serikali ya kikoloni katika Kavirondo Kusini, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya kaunti za Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira. Mwaka 1907 makao yalihamishiwa Kisii, kwenye hewa baridi ya milimani. Tangu siku hizo ilibidi kuwe na njia ya kuwaunganisha maofisa wa milimani na bandari yao, na kila mzigo uliopita humo ulibebwa kichwani kabla ya kupata gurudumu.

Njia hiyo ilipitisha mambo mengi kwa muda mfupi. Mwaka 1909 mifupa iliyogeuka mawe ilitolewa katika ardhi ya Karungu na kupelekwa London, na miongoni mwake yalikuwamo mabaki ya Deinotherium, mnyama wa jamii ya tembo ambaye pembe zake zilipinda kuelekea chini. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alitumwa kuchimba zaidi. Septemba 1914 wakaja Wajerumani kutoka upande wa Tanganyika, wakapitia Karungu na kuuteka mji wa Kisii, kisha wakarudi nyuma baada ya mapigano makali. Meli Winifred, iliyokuwa ikibeba ngozi, sasa ilifika Karungu na askari.

Lakini nani aliichimba njia? Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu vitabu vingi hupita haraka. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuwatoa watu kwa kazi za jumuiya bila malipo hadi siku 24 kwa mwaka. Barabara zilikuwa miongoni mwa kazi hizo, na bado kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa palepale. Ikaja vita, na vijana wa Kavirondo wakachukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi. Waliobaki nyumbani kushika majembe walikuwa wazee, wake zao na watoto.

Malalamiko yalikusanyika hadi mkutano wa Lundha mwaka 1921, ulioanzisha vuguvugu la Piny Owacho. Mmoja wa Wazungu waliojihusisha na madai hayo alikuwa Archidikoni Walter Edwin Owen wa kanisa la Anglikana. Aliandika hata katika gazeti la Manchester Guardian kule Uingereza, akishutumu jinsi wanawake na watoto walivyokuwa wakitumikishwa barabarani, wakibeba udongo bila vifaa vya maana. Serikali ya Nairobi ilikasirika. Kwangu mimi, barua zile zina uzito kuliko ripoti zote za maofisa, maana ndizo zinazomwonyesha msomaji mikono iliyofanya kazi.

Miaka ya 1930 ikaleta dhahabu. Baada ya Kakamega kuwaka moto wa wachimbaji kuanzia 1931, watafutaji waliteremka kusini, na ukanda wa miamba wa Migori ukajaa mashimo na majina ya kigeni. Robert Shackleton, mwanajiolojia wa serikali, aliuchora ukanda huo katika ripoti iliyotoka mwaka 1946. Makalda kulikuwa na shaba pia, na ndiyo iliyougeuza mgodi kuwa mradi mkubwa. Shirika la Maendeleo la Kikoloni la Uingereza liliingia, kampuni ikaitwa Macalder-Nyanza, na kuanzia mwanzo wa miaka ya 1950 shaba ikatoka. Kwenye maporomoko ya Gogo, mto Kuja, kilijengwa kituo cha umeme cha megawati 2 ili mitambo iendeshwe. Kituo hicho kingali kinazalisha umeme, sasa chini ya kampuni ya umeme ya KenGen. Nyumba nyingi za jirani zilikaa gizani miongo mingi huku nyaya zikipita juu yake.

Kampuni ilipoondoka, iliacha vilima vya mchanga uliosagwa. Vilima hivyo ndivyo vinavyowalisha watu leo. Mwanamke huketi chini ya turubai, mguu mmoja umekunjwa, akigonga jiwe juu ya jiwe mpaka liwe kokoto, kisha unga. Unga huoshwa kwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia, na kinachobaki kwenye nyuzi hukung'utwa ndani ya karai. Hapo huingia zebaki, inayokamata chembe za dhahabu. Wengi huishika kwa mikono mitupu, na ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa mtoto aliye mgongoni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unataka zebaki ipunguzwe, ila machimboni bado inauzwa kwa vijichupa.

Ukiendelea na safari utafika Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizojengwa bila saruji karne nyingi kabla ya boma la Karungu. UNESCO ililiweka eneo hilo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Watalii hupita Makalda kwenda huko, wakisoma kibao chenye jina la kigeni na wasione hata kimoja kinachotaja waliochimba barabara waliyoijia.

Vibao hivyo vingeweza kuwekwa mwaka huu, maana mashahidi bado wapo. Kijana aliyeingia mgodini akiwa na miaka 18 mwaka 1966 leo anakaribia miaka 80. Yupo Nyatike anayekumbuka bado mshahara wake, jina la msimamizi wake na rafiki aliyefukiwa shimoni, na mama yake alimsimulia habari za siku 24. Kaunti ya Migori ina idara ya utamaduni, na vyuo vya huku vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada ya tasnifu. Wapewe vinasa sauti, waende Makalda kabla ya mvua za masika.