Halua ya Bama na Mchele Uliokatika 1942

Leo naweka pembeni mishono na vitambaa. Bibi harusi mmoja alinitumia picha za vitamu vya Bama, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar, akaniuliza kama ni vigeni mno kuwekwa kwenye meza ya harusi yetu. Nilimjibu kwa ufupi kwamba si vigeni hata kidogo. Jibu refu ndilo hili, na linagusa visiwa vyetu kuliko wengi tunavyodhani.

Tuanze na jina. Mji wa Pathein, kwenye delta ya mto Irrawaddy, unasifika kwa kitamu kinachoitwa halawa. Ndiyo, halawa. Neno ni lile lile la Kiarabu lililotupa halua yetu, ila kwetu lilikuja na watu wa Oman, kwao likapitia Bara Hindi. Sisi tunapika kwa wanga, sukari, samli, iliki na zaafarani, mkono hautoki kwenye mwiko mpaka ishike. Wao wanatumia unga wa mchele wa kunata, tui la nazi, siagi na sukari, na wanakoroga hivyo hivyo mpaka jasho litoke. Jina moja limeshuka bandari mbili, na kila bandari ikatia chungu kile ilichonacho shambani.

Kingine kinaitwa sanwin makin. Hiki ni mkate wa samolina na tui zito la nazi, wenye siagi na sukari, juu unanyunyiziwa mbegu ndogo nyeupe ambazo Wahindi wanaziita khaskhas. Kilichonishangaza ni upishi wake wa zamani: makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Aliyelelewa na bibi Unguja au Pemba hahitaji kufundishwa, maana ndivyo tunavyopalia mkate wa kumimina.

Mimi sasa naishi Galula, mkoani Songwe, kwenye joto la bonde linaloelekea Ziwa Rukwa, na hapa ndipo nilipoujaribu. Samolina niliagiza Mbeya. Nazi huku zinakuja na magari kutoka pwani, kwa hiyo bei yake inauma. Khaskhas sikupata, nikatia ufuta. Nikapalia moto juu na chini, asubuhi nikaukata vipande nikaenda navyo sokoni kwa akina mama wa vitumbua, saa moja hivi, kabla jua halijakali. Mama mmoja mtu mzima alionja, akatafuna pole pole, akasema, "Mwanangu, hii si ya kwenu Unguja?" Nikamwambia ni ya Bama. Akanitazama. "Bama ile ya wazee wa Keya?"

Hapo ndipo habari ya vitamu ilipogeuka kuwa habari nyingine.

Kwa wasiojua, Keya ni K.A.R., jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika Asia, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walipelekwa Bama wakiwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao kichwa cha kifaru. Batalioni ya 26 na ya 36 zilikuwa za Tanganyika. Mwaka 1944, katikati ya mvua za masika ya kule, walisukuma Wajapani kuteremka bonde la Kabaw, kwenye tope, malaria na homa ya utitiri, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Msidhani walikuwa wanakaa sokoni kuonja halawa. Vijiji vingi vya njiani watu walikuwa wamekimbia.

Wengine hawakufika kabisa. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 na zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Mwenye kujua fikihi afikirie kidogo hapa: mume amezama, maiti haikuonekana, barua inachukua miezi. Mke Mwislamu wa askari kama huyo alikuwa na kungoja kadhi aridhike kwamba mume amekufa, na eda ya miezi minne na siku kumi. Vitabu vya vita vinahesabu mizinga. Siku za kungoja za wanawake sijaona aliyezihesabu.

Sasa turudi visiwani, maana vita hivyo viliingia mpaka jikoni kwetu. Kabla ya vita, Bama ndiyo iliyokuwa ikiuza mchele mwingi kuliko nchi yoyote duniani, karibu tani milioni 3 kwa mwaka, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Unguja ilikuwa imejaa mikarafuu, mpunga wake hautoshi, na karafuu hailiwi. Kwa hiyo vitumbua na mikate ya kumimina ya bibi zetu, mara nyingi ilikuwa ni mchele uliovuka bahari kutoka Rangoon. Machi 1942 Wajapani waliuteka mji huo, na mchele ukakatika. Ukaja mgao, na mgao wenyewe ukafuata kabila: Waarabu na Wahindi wakahesabiwa ni walaji wa mchele, Waafrika wakaelekezwa kwenye mahindi na muhogo, kana kwamba mpishi wa Kiswahili hajui pilau. Kidonda kile kiliwauma watu, na mimi nasema kilistahili kuuma. Hebu fikirieni bibi harusi wa 1943 ambaye kwao hawakupewa mchele.

Kwa hiyo mtu akiniambia vitamu vya Bama ni mtindo mpya wa kwenye simu, mimi namwambia tulikula mchele wao kabla simu hazijaja.

Wale bibi harusi mnaotaka kujaribu, nina maneno mawili matatu. Kuna kitamu chao cha tui kinachoganda kama jeli ya tabaka mbili, kinaitwa kyauk kyaw. Hicho kinagandishwa kwa mwani, si kwa jelatini ya mifupa, ila ukinunua unga wa kugandishia dukani soma pakiti kwanza. Na kuna mont lin mayar, maana yake vitafunio vya mume na mke. Unga mwepesi wa mchele unamiminwa kwenye chuma chenye mashimo, sawa na chuma cha vitumbua, kisha nusu mbili zinafunikana kuwa kimoja. Kile ni cha chumvi, wanatia majani ya vitunguu na yai la kware. Akina mama wa Galula walicheka sana kusikia jina hilo, na mmoja akauliza kama nusu ya mke ndiyo inayokaa chini. Nikamwambia inategemea nani anapika.

Yule mama mtu mzima alichukua vipande viwili zaidi akavifunga kwenye kanga. Baba yake mdogo alikwenda Bama akarudi, akawa kila akinywa chai anasema kule mvua haikatiki. Zaidi ya hapo hakuwasimulia.

Bibi harusi aliyeniuliza ameagiza sinia mbili za sanwin makin kwa Ijumaa ya wiki ijayo. Samolina ninayo. Nazi bado naisubiri gari.