Misalaba ya Shaba ya Lubumbashi

Lubumbashi haina bahari. Shaba yake ndiyo inayosafiri hadi baharini, zamani kwa reli kuelekea Beira na Lobito, siku hizi zaidi kwa malori. Mgeni huonyeshwa kwanza bomba refu la moshi la kiwanda na kilima cheusi cha takataka za shaba pembeni yake, kisha huambiwa kwamba mji ulizaliwa 1910, mwaka ambao reli ilifika kutoka Rhodesia. Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoko katika komini ya Lubumbashi, lina hesabu nyingine.

Lilianzishwa 1946 na Francis Cabu, Mbelgiji mtafiti wa mambo ya kale, likapewa jina la Leopold II, mfalme aliyejitwalia Kongo bila hata kuikanyaga. Jengo la sasa ni kazi ya msanifu Claude Strebelle. Jina la mfalme limekwisha kufutwa, na ni vyema.

Kinachostahili muda wako humo ndani ni misalaba ya shaba. Haina uhusiano wowote na kanisa: ni vipande vizito vyenye mikono minne, vilivyosubuliwa na mafundi wa eneo hili la Katanga karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi mnamo 1957 na 1958. Uchimbaji huo na ule wa Pierre de Maret uliofuata ulionyesha mabadiliko ya kushangaza. Katika makaburi ya zamani zaidi, msalaba ni mkubwa, nao umelazwa kifuani pa maiti. Katika yale ya baadaye misalaba ni midogo na mingi, imewekwa karibu na mikono na kiuno. De Maret anaona hapo safari ya kitu cha heshima, pengine cha mahari, kikigeuka polepole kuwa fedha ya kununulia chochote.

Mwanasiasa Moïse Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo, Julai 1960, misalaba mitatu ya aina hiyo iliwekwa kwenye bendera yake, na mwaka uliofuata msalaba ukawekwa kwenye sarafu. Wanasiasa nao walijua pa kuchota heshima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jumba lilifungua mlango kwa wakazi wenyewe. Kupitia mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, watu wa mitaani walisimulia maisha yao, na vitu vya nyumbani mwao vikaonyeshwa humo. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililofanyika katika jumba hilo: kwa miongo kadhaa mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière alihesabiwa kwa namba tu, sasa akapewa nafasi chini ya paa moja na wahunzi wa Sanga.

Basi ukifika Lubumbashi, bomba la moshi litakungoja. Anzia makumbusho.