Gisenyi na Mchoraji Asiyefika

Aliyekaa walau siku moja katika ufuo wa Gisenyi, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 1,460, akauona mlima Nyiragongo ukifuka moshi mchana, na usiku wingu la kileleni likiiva wekundu kama kaa la jiko, hakosi kujiuliza ni nani aliyetangulia kuinakili mandhari hiyo kwa rangi.

Mimi humkumbuka asiyefika. Marianne North, mzaliwa wa Hastings, Uingereza, mwaka 1830, hakuolewa. Na baada ya kufiwa na baba yake mwaka 1869 alishika safari peke yake, akazunguka Jamaika, Brazili, Japani, Borneo, Bara Hindi na Australia, akipaka rangi za mafuta papo hapo mbele ya mti wenyewe, kwa kuwa alitaka mmea uonekane pale ulipoota, pamoja na milima na maji yake, wala si uliokatwa ukalazwa juu ya karatasi. Jumba alilolijenga kwa mali yake katika bustani ya Kew, London, lilifunguliwa mwaka 1882, na picha zaidi ya 800 zimebanana ukutani hata kiganja hakipati nafasi. Waliomlaumu kwa ukali wa rangi zake, nadhani, hawakupata kuiona nchi ya jua.

Mwaka 1883 alikuwa Shelisheli akiichora minazi ya ajabu ya Praslin, katika bahari ileile inayopiga Pangani. Akafariki Agosti 1890. Na hapo Pangani ndipo alipoondokea Mjerumani von Götzen, Desemba 1893, akafika Kivu Juni 1894: askari, si mchoraji, aliyeupanda Nyiragongo. (Wenyeji, bila shaka, hawakungoja mgeni awaonyeshe mlima wao.) Mwaka 1910 Wazungu wakakata mpaka, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani na Goma kwa Wabelgiji, hata leo jicho hutoka Rwanda likatua Kongo bila cheti.

Mwaka 1926 mchoraji Mmarekani William R. Leigh, katika msafara wa Carl Akeley wa kukusanya magorila, aliichora nchi hiyo ya volkano kutoka mteremko wa mlima Mikeno. Picha yake iko katika jumba la makumbusho huko New York, nyuma ya magorila waliokaushwa. Ni kazi njema. Lakini ningependa zaidi lobelia, lile ua refu kumpita mtu, litangulie mbele na mlima ukae nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya Bibi North.