Pakiti ya Hank Hill na Pakiti ya Mbuyu Wangu

Watu wangu wa Navakholo, leo siongelei bei ya miwa wala siasa za kaunti. Leo ni katuni. Najua kuna wale wataniambia katuni ni ya watoto, lakini nipeni dakika tano tu.

Kuna episodi moja ya King of the Hill nimeitazama mara nne sasa. Ilionyeshwa Marekani Aprili 1997, kabla hata sijazaliwa. Hank Hill, muuza gesi ya mitungi katika mji wa kubuni wa Arlen, Texas, anamfumania mwanawe Bobby akivuta sigara. Hank ni yule baba wa zamani mnayemjua. Shati limechomekwa, maneno machache, na kumkumbatia mtoto kwake ni kazi ngumu kuliko kubeba mtungi. Basi adhabu nayo inakuwa ya zamani: kijana avute katoni nzima mpaka azichukie. Katoni ni pakiti 10, yaani sigara 200.

Bobby hazichukii. Anazoea. Halafu inatokea kwamba Hank na mkewe Peggy walikuwa wavutaji kabla hajazaliwa, na ule moshi unawaamshia tamaa yao. Baba anarudi, mama anarudi, nyumba nzima inavuta. Luanne, mpwa wa Peggy anayeishi nao, ndiye anaishia kuwafungia ndani ili waache.

Unacheka, ndio. Lakini mimi nilitaka kujua hiki kichekesho kimetoka wapi, na hapo ndipo nilipotea usiku mzima.

Katuni ya kwanza ya vichekesho vya familia kuonyeshwa usiku, saa ya watu wazima, ilikuwa The Flintstones, tarehe 30 Septemba 1960. Sisi Kenya hatukuwa hata na televisheni. Ilifika 1962, mkoloni bado yuko. Sasa sikiza. Mmoja wa wafadhili wa hiyo katuni misimu ya kwanza alikuwa Winston, sigara ya kampuni ya R. J. Reynolds. Na si jina tu lililotajwa pembeni. Kulikuwa na tangazo ambamo Fred Flintstone na jirani yake Barney wanawakwepa wake zao wanaofanya kazi, wanajificha nyuma ya nyumba, wanawasha Winston. Tangazo lipo mpaka leo, litafute. Baba wa kwanza wa katuni za aina hii alikuwa muuza sigara, manze.

Januari 1964 daktari mkuu wa serikali ya Marekani akatoa ripoti kwamba sigara inasababisha kansa ya mapafu. Tarehe 2 Januari 1971 matangazo ya sigara yakaondolewa kwenye redio na televisheni kule. Mngedhani katuni na sigara zimeachana. Wapi! Miaka ya themanini ikielekea mwisho, R. J. Reynolds hao hao wakaleta Marekani ngamia wa kuchorwa, Joe Camel, miwani ya jua, sigara mdomoni, kwenye magazeti na mabango. Mwaka 1991 utafiti ukaonyesha watoto wa miaka 6 walimtambua karibu sawa na Mickey Mouse. Kelele zikapigwa mpaka kampuni ikamstaafisha, Julai 1997.

Angalia hiyo tarehe tena. Hank anamlisha Bobby sigara Aprili. Ngamia anaondolewa Julai, mwaka huo huo. Kwa hivyo wale wazazi waliokaa sebuleni kumcheka Hank, wengi walikuwa watoto wakati Fred akiwasha Winston. Na sasa wanamwuliza kijana, "Hii tabia umetoa wapi?"

Hapo ndipo naona waandishi wa King of the Hill walikuwa wakali kuliko watu wanavyowapa sifa. Wangeweza kufanya kosa liwe la rafiki mbaya wa shuleni na mambo yaishe. Wao wakaliweka kwa baba. Hank hasemi uongo anapokataza. Anakataza kitu anachokijua vizuri sana, na hajawahi kumwambia mtoto kwamba anakijua.

Kenya nasi tuna sheria, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007. Inakataza matangazo, inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza hata kuuza sigara moja moja. Nenda kioski chochote ukaone kama hiyo ya mwisho inafuatwa. Mimi yangu ya kwanza nilinunua moja, nikiwa Form Two, miaka 16. Nilivutia nyuma ya choo, kwa wingi wa akili.

Mbuyu alinikuta. Hakunichapa. Alienda sokoni kwa baiskeli, akarudi na pakiti ya 20 na kiberiti, akaniketisha chini ya mwembe, mbele ya mama na majirani wawili waliokuja kuomba jembe. "Vuta." Ya kwanza nikakohoa. Ya pili machozi. Ya tatu nikatapika ugali wote wa mchana, kuku wakakimbilia. Miaka yote baadaye hiyo imekuwa hadithi ya kuchekesha kwetu. Kwenye matanga, kwenye harusi, Krismasi wajomba wakija kutoka Nairobi, lazima mtu aseme, "Hebu tuambie ya mwembe." Na Papa anaisimulia vizuri, naapa. Anaigiza mpaka kuku.

Mwaka jana King of the Hill ilirudi, Agosti. Bobby sasa ana miaka 21, ni mpishi Dallas, na Hank anarudi nyumbani baada ya kufanya kazi Saudi Arabia, kama nusu ya jamaa zetu. Nikaamua kuanza zile za zamani tangu mwanzo. Nilipofika hii ya katoni nikampelekea Papa simu, nikimtafsiria kila neno. Nilijua atacheka, na alicheka. Ile sehemu ya Bobby na katoni alipiga goti kwa mkono, akasema huyo mzungu ameniibia hadithi.

Halafu ikafika pale Hank anaanza kuvuta tena. Akanyamaza. Nikadhani hajaelewa, nikamweleza. Akasema ameelewa.

Episodi ikaisha. Akanirudishia simu, akaangalia upande wa mwembe, akaniuliza nilivuta ngapi siku ile. Nikasema tatu, Papa, kwani wewe si ndiye husimulia?

"Tatu," akasema. "Zikabaki kumi na saba. Umewahi kujiuliza zilienda wapi?"

Sikuwahi. Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga, na hakuinua kichwa.