Mapatano ya Minamata na taifa linalosemwa halipendi kesi

Miongoni mwa watu waliosomea sheria kwa Kifaransa kuna msemo unaojulikana sana: mapatano mabaya ni afadhali kuliko kesi nzuri. Tumeusikia mara nyingi, nanyi vijana wapendwa bila shaka mmeusikia, hata kama si kwa maneno hayohayo. Safari hii tunapenda kuupima msemo huo kwa kuitazama nchi ambayo husifiwa kwamba imeushika kuliko nchi nyingine nyingi, yaani Japani.

Sifa hiyo ilipata mfafanuzi wake mashuhuri katika Kawashima Takeyoshi, profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo, mtaalamu wa sheria ya madai na wa sosiolojia ya sheria. Mwaka 1967 alitoa kitabu kidogo kuhusu namna Wajapani wanavyoifahamu sheria, nacho kikasomwa sana. Alieleza kwamba kwa desturi ya zamani Mjapani haoni haki yake kuwa kitu cha kudaiwa waziwazi. Anauona kwanza uhusiano wake na jirani, na mwenye shamba, na mkubwa wake wa kazi. Kumwita mtu mbele ya hakimu ni kutangaza kwamba uhusiano umekufa. Ndiyo maana ugomvi humalizwa pembeni, kwa msaada wa mtu anayeheshimiwa na pande zote. Kawashima hakuisifu hali hiyo. Aliiona kuwa mabaki ya nyakati za kale, na akatazamia kwamba yangepungua kadiri jamii inavyobadilika. Wengi waliomsoma, Wajapani na wageni, walishika nusu ya kwanza ya maneno yake wakaiacha ya pili. Hivyo ikazaliwa picha ya taifa zima linalopenda amani kwa asili yake.

Historia haikubaliani na picha hiyo kwa urahisi. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mwaka 1718 peke yake waamuzi wa mji walipokea zaidi ya kesi 30,000 za madeni ya fedha. Kulikuwa na nyumba za wageni zilizoishi kwa kuwapangisha watu waliotoka vijijini kuja kushtaki, na wenye nyumba hizo waliwasaidia wageni wao kuandika hati. Watu wasiopenda kesi hawajengi nyumba za namna hiyo! Mwaka 1719 shoguni Tokugawa Yoshimune alichoka. Akatoa amri kwamba waamuzi hawatapokea tena madai ya fedha kati ya wakopeshaji na wakopaji. Wamalizane wao kwa wao. Tunaomba msomaji aitazame vizuri amri hiyo. Mapatano hapa hayakutoka moyoni mwa wananchi. Yalitoka juu, kwa sababu mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa.

Jambo kama hilo lilirudi karne mbili baadaye. Mwaka 1922 serikali ilitunga sheria ya usuluhishi kwa ugomvi wa ardhi na nyumba za kupanga: hakimu mmoja hukaa pamoja na raia wawili wenye heshima, nao husikiliza pande zote bila kutoa hukumu, wakitafuta neno la kati. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto viliteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, na usuluhishi huo ukawasaidia wengi waliokuwa wakigombania viwanja vilivyobaki majivu. Hilo lilikuwa jema, wala hatuoni sababu ya kulikana. Lakini mwaka 1924 njia hiyohiyo ilipelekwa vijijini, ambako wakulima waliolima mashamba ya wengine walikuwa wameanza kuungana na kudai kodi ipunguzwe. Kwa wenye mashamba na kwa serikali, mezani pa wasuluhishi palikuwa salama kuliko mahali ambapo mkulima angeweza kutamka neno "haki" likaandikwa katika hukumu.

Baada ya vita idadi ya waliofaulu mtihani wa kuingia katika kazi ya uwakili na uhakimu ilizuiwa. Kwa miaka karibu 30, tangu katikati ya miaka ya 1960, walikuwa kama 500 tu kwa mwaka, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100. Mmarekani John Haley aliandika mwaka 1978 kwamba Mjapani anayeogopa kesi kwa tabia ni hadithi tu: mahakimu ni wachache, mawakili ni wachache, kesi ni ndefu na ghali, kwa hiyo mtu mwenye akili hukubali kupatana. Kwa maoni yetu Haley alisema kweli kuhusu mlango, lakini Kawashima naye hakukosea kabisa kuhusu aibu. Mambo hayo mawili yalikutana katika mji mmoja mdogo, na hapo yakaonekana wazi.

Mji huo ni Minamata, kando ya bahari, katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilikuwa baba na mama wa mji. Tangu mwaka 1932 kilitengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi kwa kutumia zebaki, na maji machafu yakamwagwa baharini. Samaki waliibeba sumu hiyo, na wavuvi wakala samaki. Tarehe 1 Mei 1956 mganga mkuu wa hospitali ya kiwanda, Hosokawa Hajime, alitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana: watu walitetemeka, walipoteza kuona na kusikia, walishindwa kutembea na kusema. Baadaye walizaliwa watoto walioathirika tangu tumboni mwa mama zao.

Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa chanzo. Hosokawa mwenyewe alikuwa akimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda, na mwezi wa Oktoba paka huyo aliyepewa namba 400 akaugua ugonjwa uleule. Wakubwa wa kiwanda walijulishwa, wakanyamaza. Mwezi wa Novemba wavuvi walivamia kiwanda kwa hasira. Siku chache baadaye meya, viongozi wa baraza la mji, wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi walikwenda kwa gavana. Unaweza kudhani walikwenda kuwatetea wagonjwa. Hapana: waliomba kiwanda kisizuiwe kumwaga maji yake, maana kikisimama mji utakufa.

Ndani ya hali hiyo familia za wagonjwa zilikaa mbele ya lango la kiwanda wakati wa baridi zikidai yen milioni 3 kwa kila mgonjwa. Iliundwa kamati ya usuluhishi, na gavana alikuwa ndani yake. Tarehe 30 Desemba 1959 mapatano yalitiwa sahihi. Kwa kila aliyekufa, yen 300,000. Kwa mgonjwa mtu mzima, yen 100,000 kwa mwaka. Kwa mtoto, 30,000. Dola moja wakati huo ilikuwa yen 360. Fedha hizo hazikuitwa fidia. Ziliitwa fedha za pole, kama zile mtu anazompelekea mgonjwa anapokwenda kumtazama. Kisha kulikuwa na kifungu cha tano: hata ikijulikana baadaye kwamba maji ya kiwanda ndiyo yaliyoleta ugonjwa, wagonjwa hawatadai kitu zaidi. Kampuni ilikuwa na habari za paka. Familia hazikuwa nazo.

Haya, kwa sura ya nje, yalikuwa mapatano kama yanavyosifiwa: msuluhishi mwenye heshima, hakuna mshindi wala mshindwa, amani kabla ya mwaka mpya. Sumu iliendelea kumwagwa hadi Mei 1968.

Kilichofungua njia kilitoka mbali. Mwaka 1965 ugonjwa uleule uligunduliwa katika mkoa wa Niigata, kando ya mto Agano, chini ya kiwanda kingine, na wagonjwa wa huko wakafungua kesi mwezi wa Juni 1967. Januari 1968 walisafiri hadi Minamata kuwatembelea wenzao. Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ikatamka rasmi kwamba kiwanda cha Chisso ndicho chanzo, na wizara ikapendekeza kamati mpya ya usuluhishi, kwa sharti kwamba wagonjwa waweke sahihi mapema kukubali lolote litakaloamuliwa. Wagonjwa wakagawanyika. Wengi waliweka sahihi. Familia 29 zilikataa, na tarehe 14 Juni 1969 zikafungua kesi katika mahakama, au tribinali kama tunavyosema kwetu, ya Kumamoto.

Tusiwahukumu upesi walioweka sahihi. Katika mji ambao mtoto wako anatafuta kazi katika kiwanda kilekile, na jirani anakutazama kama mtu anayetaka kuwanyang'anya wengine chakula, kuishtaki kampuni ni kujitenga na watu wote. Aibu aliyoieleza Kawashima ilikuwa ya kweli. Ila alikuwapo aliyefaidika nayo.

Hosokawa alikuwa mgonjwa sana wakati kesi ikisikilizwa. Julai 1970 alitoa ushahidi wake akiwa kitandani hospitalini, akaeleza habari za paka namba 400, na miezi michache baadaye akafariki. Tarehe 20 Machi 1973 mahakama iliamua kwamba Chisso ilikuwa na hatia ya uzembe. Kuhusu mapatano ya 1959, mahakama ilisema hayana nguvu yoyote, kwa kuwa yanapingana na maadili ya jamii: kampuni ilitumia ujinga na umaskini wa watu waliokuwa hawajui chanzo cha mateso yao. Malipo yaliyoamuliwa yalikuwa kati ya yen milioni 16 na 18 kwa kila mgonjwa.

Hata hivyo hukumu iliwahusu walioshtaki tu. Kulikuwa na kundi jingine, pamoja na mgonjwa Kawamoto Teruo, lililokuwa limeichukua njia ya tatu tangu mwisho wa 1971: kukaa kwenye ofisi kuu ya kampuni mjini Tokyo na kudai kuzungumza na rais wake ana kwa ana. Baada ya hukumu makundi hayo mawili yaliungana, na tarehe 9 Julai 1973 yakapata mapatano yaliyowahusu wagonjwa wote waliotambuliwa: malipo ya kiwango kile cha mahakama, pamoja na matibabu na posho ya maisha. Haya nayo yalikuwa mapatano, tena ya mezani. Tofauti ni kwamba safari hii wote waliokaa hapo walijua kilichotendeka.

Serikali ilijifunza pia, kwa namna yake. Sheria ya 1970 iliweka kamati za kusuluhisha ugomvi wa uchafuzi wa mazingira, bila gharama kubwa na kwa msaada wa wataalamu. Mmarekani Frank Upham ameona humo nia ya kuurudisha ugomvi mikononi mwa maofisa, kabla haujawa kesi inayotikisa nchi. Sisi tunaona nia hiyo, lakini tunaona pia kwamba mtu maskini alipata mahali pa kusikilizwa.

Wagonjwa waliotambuliwa rasmi katika eneo la Minamata ni zaidi kidogo ya 2,200. Maelfu mengi ya wengine walinyimwa cheti hicho, wakapewa kiasi kidogo kwa mapatano ya kisiasa mwaka 1995 na kwa sheria maalumu ya 2009. Waliobaki nje wakarudi mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya nchi ilisema serikali na mkoa nao walikuwa na kosa la kutozuia sumu. Na tarehe 27 Septemba 2023 mahakama ya Osaka iliwapa haki watu 128, wengi wao wazee walioondoka pwani ile zamani kwenda kutafuta kazi mjini, ikaamuru kila mmoja alipwe yen 2,750,000. Walioshtakiwa walikata rufaa.