Kupokea Mugeni mu Lubumbashi: kartie, chakula na usiku wa muji wetu

Watu wengi wakisikia neno "mila" wanawaza kijiji: mufalme, ngoma, mahari, kilio. Wanasema muji hauna mila, ni mahali pa kutafuta feza tu. Sisi tunaofundisha historia mu Lubumbashi hatukubali neno hilo. Muji wetu umekwisha kupita miaka mia moja, na wakaaji wake karibu wote ni wageni ao watoto wa wageni. Kwa hiyo mila yake ya kwanza ni kupokea mugeni: kumuonyesha kartie, kumupa chakula, kumufundisha namna ya kutembea usiku.

1. Muji uliozaliwa na shaba

Wenye inchi walikuwa Walamba. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba zamani, mbele ya Wazungu kufika. Mu 1910 Wabeleji walianzisha muji hapa, wakauita Elisabethville, jina la malkia wao. Mwaka ule ule njia ya reli iliingia kutoka kusini, na mu 1911 Union Minière ilianza kuyeyusha shaba kando ya muto Lubumbashi. Jina la Lubumbashi lilipewa muji mu 1966.

Kazi ilikuwa nyingi, watu walikuwa kidogo. Kwa hiyo walitafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini (ndiyo Zambia), Nyasaland (ndiyo Malawi), Lomami, Kasai, na kisha Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao, kwa miezi kidogo, na wengi walikufa na magonjwa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kompanyi ilibadilisha mupango: kontra ya miaka mitatu, na mutu kuja pamoja na bibi yake. Hapo ndipo watoto wa muji walianza kuzaliwa. Wakaongea Kiswahili chetu hiki, kilichochanganyika na Kibemba, Kiluba na Kifaransa.

2. Kujua kartie

Muji wa Wazungu ulikuwa upande wake, cité ya Waafrika upande wake, na katikati uwanja mutupu uliotenga rangi mbili. Cité ya kwanza, Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo. Kenya ilifuata. Katuba na Ruashi zilijengwa katika miaka ya 1950. Tena kulikuwa kampi: ya Union Minière, na ya watu wa reli kule Makomeno.

Mugeni alipaswa kujifunza tofauti hiyo haraka. Mutu wa kampi alipewa nyumba na posho, lakini aliamushwa na king'ora na kutazamwa na kapita. Mutu wa cité alilipa mwenyewe nyumba na chakula, lakini jioni alikwenda alipotaka. Na wote wawili walijua kwamba usiku mutu mweusi hatembei ovyo upande wa Wazungu.

Nani alimufundisha mugeni? Mara nyingi alishuka kwa gare na jina moja tu mu kichwa: la mukubwa wake, la mujomba wake, ao la mutu wa kijiji chake. Waliomuona walimuuliza: "Weye uko mutoto wa nani? Unatoka wapi?" Alipotaja jina, alipelekwa mpaka mulangoni. Alilala mu barza, hakulipa kitu mpaka apate mushahara wa kwanza. Siku ya yenga alizungushwa: hapa ni soko, hapa ni misioni, hapa usipite peke yako. Wale wasiokuwa na ndugu walipokelewa na vyama. Vikundi vya ngoma ya Mbeni, vilivyoigiza waaskari na vyeo vyao, havikuwa vya kucheza tu. Vilitazama mugonjwa, vilizika mufu, vilisaidia aliyefika bila kitu.

3. Kula muji

Posho ya kompanyi ilibadilisha tumbo la watu. Wengi walitoka inchi za muhogo, za mutama ao za ulezi. Muji uliwapa unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya ngazi, chumvi, na nyama ao samaki. Basi bukari ya mahindi ikawa chakula cha wote. Lakini kila kabila ilitia mukono wake: watu wa Kasai wakachanganya unga wa muhogo, Wabemba na Walamba wakaleta chikanda, ile "nyama" isiyo nyama, inayopikwa na mizizi ya porini na unga wa karanga. Sombe, lengalenga, matembele na bilolo vikakutana mu soko moja. Samaki wakatoka Luapula kwa njia ya Kasenga, ndagala wakatoka ziwa Tanganyika.

Ndiyo sababu tunasema mugeni alikula historia mbele ya kuisoma. Sahani moja ilimuonyesha nani amefika hapa, na kutoka wapi.

4. Usiku na sheria zake

Mu cité, nyumba ya kunywa ilikuwa mara nyingi ya mwanamuke. Kulikuwa munkoyo, wa mahindi na mizizi, ambao hata mutoto anakunywa. Kulikuwa kibuku. Na kulikuwa lutuku, iliyopikwa kwa kujificha kwani serkali iliikataza. Magitaa yalilia mu barza na mu nganda. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa mu 1952 kule Jadotville (ndiyo Likasi), na Edouard Masengo wa Elisabethville, walipeleka sauti hiyo mpaka Afrika ya Mashariki.

Lakini usiku haukuwa fujo. Ulikuwa na sheria zake: aliyemuleta mugeni ndiye analipa mara ya kwanza, mugeni hakai peke yake, aliyetoka naye ndiye anarudi naye. Aliyemuacha mugeni njiani alipata haya mbele ya kartie nzima.

5. Mila ilipovunjika

Tusidanganyane. Mila hii ilijeruhiwa. Katika uchaguzi wa komini mu 1957, wengi wa mabourgmestre wa komini za Waafrika walikuwa watu waliotoka inje ya Katanga. Kasirani ikaingia, na mu 1958 chama cha Conakat kikazaliwa kwa kutetea "wenyeji". Mu 1992 na 1993 jambo likawa baya zaidi: watu wa asili ya Kasai, malaki, walifukuzwa Katanga, zaidi sana Likasi na Kolwezi. Walilala siku nyingi kwa gare wakingojea treni. Gare ile ile iliyopokea babu zao! Wengi walizaliwa hapa, na kijiji walichorudishwa hawakukijua hata kwa macho.

Fundisho liko wazi. Siku muji unaposahau kwamba wote walikuja, swali la "unatoka wapi?" linageuka. Zamani lilikuwa swali la kumupeleka mutu mulangoni. Likawa swali la kumutosha.

6. Na leo?

Wageni wanaendelea kufika: wanafunzi wa université, wachimbaji, jamaa waliokimbia vita kutoka kaskazini mwa Katanga na Kivu. Wanapata michopo barabarani, wanapata bia ya Simba, wanapata muziki mpaka asubui. Vyote vinauzwa. Kisichouzwa ni mutu wa kuwaambia: "Kuya, tuende pamoja."

Kwa hiyo tunaomba wazazi waelezee watoto wao nani alipokea babu yao siku ya kwanza, mu kartie gani, na alikula nini. Na wanafunzi wetu waandike majibu hayo, mbele wazee hawajaondoka nayo. Mutoto anayejua mulango uliofunguliwa kwa babu yake atakuwa na haya ya kufunga wake.